UZI: "Mungu atakupa mwingine" – Ayubu, Dostoevsky, na hadithi zetu za Kikristo zinazokimbia kilio cha mzazi

Wakuu, amani iwe kwenu.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauleta kwa ajili ya hadithi za Kikristo tunazosoma kila siku, humu jukwaani, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwenye vijitabu vinavyouzwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mnazijua. Familia inapigwa: mtoto anaugua, baba anaachishwa kazi, mama anafunga na kuomba mpaka magoti yanachubuka. Ikifika sehemu ya mwisho mtumishi anaingia, anaweka mikono, mtoto anafumbua macho na kuomba uji. Au kama mwandishi ameamua mtoto afe, basi mwaka unaofuata mama anajifungua mapacha, kanisa zima linacheza, na sisi wasomaji tunaandika "Amina" chini yake.

Naamini Mungu anaponya, hilo lieleweke mapema. Kinachoniuma ni wale mapacha. Mwandishi amewaleta ili tusimkumbuke tena marehemu. Jina lake halitajwi tena, nguo zake hatujui zilikwenda wapi, mama hastuki tena usiku. Ni kauli ileile tunayowapa wazazi msibani, turubai likiwa bado limefungwa: "Jikaze, Mungu atakupa mwingine." Nasema kauli hiyo haina mizizi kwenye Biblia, na hadithi kubwa kuliko zote za Kikristo kuhusu jambo hili iliandikwa na baba aliyeikataa.

Nianze na Ayubu, kwa sababu kila mwandishi anakimbilia kwake. Tunachukua sura ya 1, ya 2 na ya 42, tunaruka yote yaliyo katikati. Hatukai na sura ya 3, pale anapoilaani siku aliyozaliwa. Hatukai na marafiki zake pia, na wao ndio wanaofanana na sisi mno. Mwanzoni walifanya jambo jema kabisa: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mtu kusema neno, kama tunavyokaa sisi kwenye mikeka. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Soma Ayubu 8:4. Bildadi, mmoja wao, anamwambia mtu aliyezika watoto kumi kwa siku moja kwamba kama watoto wako walimkosea Mungu, basi wamelipwa kosa lao. Kisha rudi sura ya 1:5 uone Ayubu alikuwa baba wa namna gani: alikuwa akiamka alfajiri na kutoa sadaka kwa hesabu ya watoto wake wote, akihofia huenda wamemkosea Mungu mioyoni mwao. Kwa hiyo Bildadi alimpiga palepale alipokuwa na hofu siku zote. Maneno kama hayo mbele ya jeneza nimeyasikia, tena kutoka kwa watu wanaojua maandiko.

Halafu sura ya 42 Mungu anawakasirikia marafiki hao, akina Elifazi, walioshika upande wake muda wote, anasema hawakunena yaliyo sawa habari zake kama mtumishi wake Ayubu. Ayubu aliyepiga kelele! Hapo waandishi wetu wengi hawajafika.

Na mali? Kondoo 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Jozi za ng'ombe na punda vilevile, mara mbili. Watoto je? Alikuwa na wana saba na mabinti watatu, akapewa wana saba na mabinti watatu. Wapo wanaofundisha kwamba watoto hawakuzidishwa kwa sababu wale wa kwanza hawakupotea, wako kwa Mungu. Andiko lenyewe halisemi hivyo wazi, lakini mafundisho hayo nayapenda, maana walau yanawahesabu marehemu.

Sasa nije kwa Dostoevsky, Mrusi, aliyezaliwa 1821 na kufariki 1881. Nitataja riwaya yake ya mwisho, ile ya ndugu wa Karamazov, kwa sababu haieleweki bila kujua kilichotokea nyumbani kwake.

Mwaka 1868 yeye na mkewe Anna walikuwa Geneva, wamekimbia madeni. Hapo akazaliwa binti yao wa kwanza, Sonya. Akaishi miezi mitatu hivi, akafa kwa ugonjwa wa mapafu, wakamzika hukohuko ugenini. Baba akamwandikia rafiki yake, mshairi Maikov, kwamba watu wanamfariji kwa kumwambia atapata watoto wengine. Akauliza: Sonya yuko wapi? Yuko wapi yule mtu mdogo ambaye kwa ajili yake baba angekuwa radhi kusulubiwa ili mtoto aishi?

Na kweli wengine walikuja. Lyubov 1869, Fyodor 1871, Alexei 1875. Kwa hesabu, wafariji walipatia.

Katikati ya 1875, Anna akiwa na mimba ya Alexei, mumewe alikuwa Ujerumani, mji wa Ems, akitibiwa kifua. Kutoka huko alimwandikia mkewe kwamba anasoma Ayubu na kitabu kinamshika kiasi kwamba anakiacha, anatembea chumbani saa nzima, karibu kulia. Mtoto aliyekuwa tumboni wakati huo, Alexei, nyumbani wakimwita Alyosha, alikufa Mei 1878 kabla ya kutimiza miaka mitatu. Degedege lilimshika, likaendelea kwa saa kadhaa. Anna ameandika kumbukumbu zake kuhusu siku hiyo. Mumewe alimsindikiza daktari mlangoni, akarudi uso umempauka, akapiga magoti kando ya kochi walipomlaza mtoto. Anna naye akapiga magoti. Alitaka kuuliza daktari amesema nini, mumewe akampa ishara asiseme. Daktari alikuwa amemwambia mtoto anakata roho, naye hakutaka mama ajue bado.

Kilichomtesa zaidi baba, anasema Anna, ni kwamba mtoto alikufa kwa kifafa, na kifafa kilikuwa cha baba. Alikuwa nacho miaka mingi. Mzazi anayeamini, anazika mwanawe, na anajua ugonjwa umetoka kwenye mwili wake mwenyewe. Hapo maombi yanakwendaje?

Mwezi uliofuata Anna akamsihi Vladimir Solovyov, kijana mwanafalsafa, ampeleke mumewe kwenye monasteri ya Optina. Huko alionana na mzee mtawa Amvrosy mara tatu, mara mbili kati ya hizo wakiwa peke yao. Akarudi ametulia kiasi, akaendelea na riwaya, ikaanza kutoka kwenye jarida la Russkiy Vestnik Januari 1879. Shujaa wake akampa jina la Alyosha.

Kitabu cha pili cha riwaya hiyo, sura ya tatu, yuko mwanamke maskini aliyetembea safari ndefu kumwona mzee Zosima, mtawa anayemlea Alyosha kiroho. Amezika watoto wanne. Watatu wa kwanza, anasema, hakuwalilia sana. Huyu wa mwisho, Alexei, wa miaka mitatu kasoro miezi mitatu, hawezi kumsahau. Anatoa nguo zake ndogo, anatoa viatu, anavipanga, anavitazama, anapiga yowe. Anasema angetosheka kusikia tu vile visigino vidogo vikipita chumbani, tap tap, mara moja tu, hata kama asingemwita.

Zosima anaanza na faraja ya kawaida: mtoto wako yuko mbele ya kiti cha enzi, anafurahi. Mwanamke anamjibu kwamba hata mume wangu aliniambia hivyohivyo, na huku akinena, naye analia. Dostoevsky akaiacha faraja ile ianguke chini, mbele ya mtakatifu! Ndipo mzee anabadilika. Anamtajia Raheli anayewalilia watoto wake asikubali kufarijiwa kwa kuwa hawako, kisha anamwambia: basi usifarijike. Huhitaji kufarijika. Lia, ila kila ukilia kumbuka mwanao ni mmoja wa malaika wa Mungu anayekutazama. Tena anamhimiza arudi kwa mumewe, ambaye amemwacha peke yake miezi mitatu. Anna anashuhudia kwamba maneno ya Zosima kwa mama huyu yametokana na yale Amvrosy aliyomwambia mumewe.

Hapo ndipo ninapotaka hadithi zetu zifike. Mtu wa Mungu anayempa mzazi ruhusa ya kulia bila kumwekea siku ya mwisho.

Karibuni tujadili.

*

Boanerge:
Mkuu, umeandika vizuri lakini nakupinga. Watu wana shida za kutosha. Mtu analala wodini na mgonjwa, anafungua simu apate nguvu, wewe unataka akutane na hadithi ya mtoto kufa na hakuna muujiza? Shuhuda zimenisimamisha mimi binafsi. Usiwanyime watu tumaini kwa sababu ya Mrusi.

Mleta uzi:
Ndugu Boanerge, hoja yako ni nzito na naipokea. Ushuhuda siugusi. Mtu akisimama akasema Bwana amemponya mwanangu, mimi nasema haleluya, maana aliyeamua pale ni Mungu. Kwenye hadithi anayeamua ni mwandishi. Mwandishi akiponya wagonjwa wote kwa kalamu, yule aliye wodini ambaye mgonjwa wake hakuamka ataisoma hadithi ileile na kuuliza: mimi nilikosea wapi? Sikufunga vya kutosha? Hadithi imemgeukia ikawa Bildadi.

Na ndani ya riwaya hiyohiyo muujiza unasubiriwa kwa hamu. Mzee Zosima anapokufa, watu wanafurika, wanaleta wagonjwa, wanaamini mwili wa mtakatifu hautaharibika. Kabla siku haijaisha mwili unaanza kunuka. Wanaomchukia wanashangilia, na Alyosha, mwanafunzi wake mpendwa, anatikisika vibaya. Mwandishi alikuwa muumini, angeweza kuuzuia ule mwili usinuke, kalamu ilikuwa yake. Hakufanya hivyo. Imani ya Alyosha inarudi usiku, mbele ya jeneza, akisikiliza Injili ya arusi ya Kana inasomwa, na anatoka nje kuibusu ardhi. Hakupewa alichosubiri. Alipewa kitu kingine, na akasimama nacho.

MamaUlanga:
Shalom. Huwa nasoma tu, leo naandika. Natokea Mahenge. Kwetu kifafa tunakijua, ndiko yule daktari wa Kinorwe Louise Jilek-Aall alikoanzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, wazee wetu bado wanamsimulia. Mwanangu wa pili alikuwa nacho. Alianguka kwenye moto wa jikoni, hakupona. Nilichoambiwa msibani sitaki kukirudia chote. Wengine walisema ni mapepo ya ukoo wa baba yake. Wengine wakasema Mungu alimpenda zaidi. Nilikuwa namuuliza Mungu kimoyomoyo: kwani mimi nilimpenda kidogo?

Mtu mmoja tu alinisaidia. Bibi wa jirani, Mkatoliki, mimi ni Mlutheri. Alikaa kando yangu akamenya mihogo ya wageni, muda mrefu hasemi kitu. Kisha akaniuliza, "Alikuwa anapenda kula nini?" Nikamwambia viazi vya kuchoma, vile vilivyoungua kidogo pembeni. Tukaongea habari za viazi, jinsi alivyokuwa akimwibia dada yake. Nikalia, na mara ya kwanza nikacheka. Leo nina watoto wengine watatu. Hakuna hata mmoja aliye yule.

Mleta uzi:
Mama, pole sana. Asante kwa kutuamini na habari za mwanao. Swali la yule bibi lina thamani kuliko mahubiri mengi niliyosikia makaburini. Alikuuliza habari za mtoto mwenyewe, na hakukuombea nafasi ijazwe.

Ngoja nikuletee baba mwingine wa humo riwayani, naamini utamwelewa kuliko sisi sote. Anaitwa Snegiryov, kapteni mstaafu wa jeshi, fukara, mkewe hana akili timamu, na mwanawe Ilyusha, kijana mdogo wa shule, anakufa kwa kifua. Ilyusha, akiwa kitandani, anamwambia baba yake: nikifa, chukua mvulana mwingine mzuri, mpe jina langu, umpende badala yangu. Yaani mtoto mwenyewe anajaribu kumfariji baba kwa ile kauli yetu! Baba anatoka nje, anasema kwa hasira na meno yakisagana: sitaki mvulana mzuri, sitaki mvulana mwingine, nikikusahau wewe Yerusalemu... Anashindwa kumalizia. Ni Zaburi ya 137. Wengi tunaisoma kama wimbo wa taifa lililo uhamishoni, Dostoevsky akaiweka kinywani mwa baba mmoja mlevi aliyevaa koti lililochakaa.

Baada ya maziko baba anarudi chumbani, anaviona viatu vya Ilyusha vimepangwa pembeni, vimekauka, vina viraka. Anavibeba, anavibusu, anauliza: miguu yako midogo iko wapi? Kumbuka yule mama wa visigino mwanzoni. Riwaya ina kurasa karibu elfu, na mwandishi hakuvisahau vile viatu.

Msomaji_Dodoma:
Mbona humzungumzii Ivan? Walimu wetu wa fasihi walituambia Ivan ndiye anayeshinda mjadala humo. Yule anayesema anarudisha tiketi.

Mleta uzi:
Sikumsahau mkuu, niliogopa uzi usiishe. Ivan ni ndugu wa Alyosha. Anamwekea mezani mateso ya watoto, moja baada ya jingine, na kusema kama raha ya milele inalipiwa kwa machozi ya mtoto mmoja, yeye anairudisha tiketi yake kwa heshima. Dostoevsky alimwandikia mhariri wake kwamba visa vile havikutungwa, vilitoka magazetini. Tena alipata hofu. Agosti 1879 alimwandikia Pobedonostsev, kiongozi mkubwa wa serikali na rafiki yake, kwamba anatetemeka kama jibu lake litatosha, maana halijibu hoja kwa hoja. Jibu lake ni maisha ya Zosima.

Humo Zosima anauliza swali la Ayubu waziwazi: aliwezaje kuwapenda watoto wapya, wakati wale wa kwanza hawapo? Anasema aliweza, kwa kuwa huzuni ya zamani taratibu hugeuka kuwa furaha tulivu. Nakiri jibu hilo kwangu ni gumu. Nalikubali kwa sababu limetoka kwa mtu aliyezika wawili. Angelitoa Bildadi, ningelikataa.

Kuhusu nani anashinda, mimi naona kwamba Mkristo anayemwandikia mpinzani wake hoja zenye nguvu namna ile, mwaka mmoja hivi baada ya kumzika mwanawe, ana imani kubwa kuliko anayemwandikia mpinzani hoja za kitoto ili amshinde aya ya pili.

NuruYaAsubuhi:
Mtumishi, mimi ni mwandishi chipukizi. Hadithi yangu ni ya mwinjilisti mwenye binti mwenye selimundu. Nimefika pazuri, wasomaji wananiandikia inbox nisimuue mtoto. Nilikuwa nimepanga aponywe kwenye mkesha. Sasa umenichanganya. Nimuue?

Mleta uzi:
Dada yangu, hapana! Sijasema watoto wafe. Kumuua ili tulie ni njia ya mkato pia, sawa na kumponya ili tushangilie.

Kaa kwanza na ugonjwa wenyewe. Selimundu unarithiwa, kwa kawaida baba na mama wote wawili wanabeba vinasaba bila kuumwa, na kila mimba kuna uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuuchukua. Hapo una Dostoevsky ndani ya nyumba ya mwinjilisti. Anaombea wagonjwa wa watu kila Jumatano, na mwanawe anaumwa kitu kilichotoka kwake na kwa mkewe. Je, ukoo unamlaumu mama peke yake? Kwetu mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Mwinjilisti anasema nini mbele ya ukoo, ukweli au ananyamaza? Sura nzima iko hapo na hujagusa mkesha.

Andika maumivu ya mifupa usiku, mama anavyomkanda, ndugu wanavyotafutwa kuchangia damu, binti anavyouliza kama na shangazi mchungaji amechoka kumwombea. Mpe kliniki yake na dawa zake, siku hizi wapo watoto wanaotumia haidroksiurea na maumivu yanapungua, hilo nalo ni la kumshukuru Mungu na halihitaji tarumbeta. Mwache baba ashindwe kuomba wiki nzima na mke amwombee yeye. Ukifika mkesha utajua mwenyewe kinachotokea. Na binti asipopona mkesha ule, akaamka asubuhi anaumwa vilevile na bado anaimba kwaya, hiyo imani itakuwa na uzito. Usimalize na mdogo wake mzima wa afya akichukua nafasi yake kwenye picha ya familia. Nakuomba sana.

Boanerge:
Sawa, nimeanza kukuelewa. Ila nijibu moja. Kama hakuna muujiza na hakuna mtoto mwingine, huyo Mrusi anamaliza na tumaini gani? Maana Mkristo lazima amalize na tumaini.

Mleta uzi:
Anamaliza na ufufuo, ndugu, na anautaja mara moja tu.

Ni baada ya maziko ya Ilyusha. Kijana alikuwa ameomba kwamba wamwagie makombo ya mkate kaburini ili shomoro waje, asikie kwamba hayuko peke yake. Baba amefanya hivyo. Wanafunzi wenzake wako na Alyosha kwenye jiwe kubwa alilolipenda marehemu. Anawaambia wakumbukane, na wamkumbuke Ilyusha, uso wake, nguo zake, viatu vyake vibovu, na jinsi alivyomtetea baba yake peke yake mbele ya darasa zima. Kolya, mkubwa wao, anauliza kama ni kweli dini inavyosema, kwamba tutafufuka na kuonana wote, na Ilyusha. Alyosha anajibu, nusu akicheka nusu akiwa na furaha kubwa: hakika tutafufuka, hakika tutaonana na tutasimuliana kwa furaha yote yaliyotokea.

Tutaonana na Ilyusha yuleyule. Halafu anawaambia twendeni sasa msibani tukale chapati za maji, tusione vibaya kula, ni desturi ya tangu zamani na ina wema wake. Wanashikana mikono, wanakwenda kula.

Kwa anayetaka kuanza na kurasa elfu zinamtisha: soma kwanza Kitabu cha pili sura ya tatu, kisha ruka hadi sura ya mwisho kabisa. Ukishalia hapo, utarudi mwanzo mwenyewe. Na MamaUlanga, ukipata nafasi, tuandikie zaidi habari za kijana wako na viazi vyake. Tunamsubiri humu.